Kuna, Pana, Mna

Mwalimu akija kukagua mmea unaoumwa, huja na mikono mgongoni. Si madaha wala si uzee. Ni sharti alilojiwekea mwenyewe. Alifundisha baiolojia sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na alipostaafu aliugeuza ua wa nyuma ya nyumba yake, hapa Tabata, Dar es Salaam, kuwa bustani isiyo na udongo. Mabomba meupe ya PVC yametobolewa matundu na kulazwa juu ya fremu ya mbao. Chini yake liko pipa la bluu la lita 100, na ndani ya pipa mna pampu ndogo inayopandisha maji ili yateremke polepole ndani ya mabomba na kurudi yalikotoka. Katika kila tundu kimekaa kikombe chenye vitundu, na katika kila kikombe mche: saladi, nana, rehani, mchicha. Majani yako juani, mizizi iko majini. Majirani tuliovutiwa na kilimo hiki, ambacho tumezoea kukiita haidroponiki, tulianzisha bustani zetu, na mimea yetu inapougua tunamwita yeye.

Mimi nilimwita Jumamosi moja asubuhi. Saladi zangu zilikuwa zimegeuka manjano ndani ya siku nne. Alinikuta nimeshaishika chupa ya virutubisho, kifuniko kiko mkono wa pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo chupa iweke chini kwanza."

Nikaiweka. Akaizunguka bustani yangu mara mbili bila kugusa kitu. Halafu akasema maneno ambayo nimeyaishi tangu siku ile: "Mmea ukiumwa, usianze na nini. Anza na wapi. Na wapi ziko tatu: kuna, pana, mna."

Kila aliyesoma Kiswahili darasani amekutana na watatu hawa kwenye ngeli ya mahali. Ku- hushika eneo pana lisilo na mpaka: huku kuna joto. Pa- hushika mahali dhahiri, panapoweza kuguswa kwa kidole: hapa pana doa. M- hushika ndani: humu mna maji. Wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani na tukaziacha hukohuko. Mwalimu amezichukua akazifanya zana za kazi, kama fundi saa anavyopanga bisibisi zake kwa ukubwa, na huzitumia kwa mpangilio uleule kila siku: kutoka mbali, hadi karibu, hadi ndani. Nimemtazama akifanya hivyo kwa misimu kadhaa, na kila nikimtazama naona jambo lilelile. Ujuzi wake mkubwa hauko katika kujua majina ya magonjwa, ingawa anayajua. Uko katika kukataa kulitaja jina kabla mahali hapajajulikana.

KUNA

"Kuna" ni swali la kusimama mbali. Mwalimu hurudi nyuma hatua mbili tatu mpaka bustani nzima imwingie machoni kwa pamoja. Dalili imeenea vipi? Ni mche mmoja, ni safu moja, au ni mimea yote? Ni upande unaopigwa na jua la alasiri? Ni mwanzo wa bomba, maji yanapoingia, au ni mwisho, yanapotokea? Ilianza lini, na kabla ya siku hiyo kulitokea nini: umeme ulikatika, mvua ilinyesha, pipa lilijazwa maji ya wapi?

Maswali haya yanachekecha. Mche mmoja ukiumwa katikati ya wenzake walio salama, maji hayana kosa, kwa kuwa wote wanakunywa yaleyale. Utafute kwenye mche wenyewe: mzizi uliokatika wakati wa kupandikiza, mdudu, mbegu dhaifu. Wakiumwa wale wa mwisho wa bomba tu, huenda maji yanawafikia yakiwa machache, au yamepata joto njiani. Maradhi ya kuambukiza huanza pahala yakatambaa: leo kwa huyu, keshokutwa kwa jirani yake. Lakini dalili ikiwashika wote kwa wakati mmoja na kwa sura moja, basi tazama kile wanachoshiriki wote.

Zangu zilikuwa zote, vikombe 36. Mwalimu hakusema kitu, ila niliona jicho lake likienda kwenye pipa na kurudi. Nusu ya jibu alikuwa nayo tayari. Hakuikimbilia.

Hapo ndipo nilipoanza kumstahi kama fundi, zaidi ya kumheshimu kama mtu mzima. Mimi nikipata nusu ya jibu huikamata na kuanza kuifanyia kazi. Yeye huiacha ikae. Anajua kwamba ukishaamini umejua, macho huanza kuokota yale tu yanayokubaliana nawe.

PANA

Hapo ndipo mikono hutoka mgongoni. Mwalimu huchuchumaa, kisha hulinyanyua jani kwa mgongo wa kidole, kutoka chini, kama mtu anayempima mtoto joto. Swali la kwanza la "pana" ni la umri: panapouma ni kwenye jani kuukuu la chini, au kwenye jani changa la katikati?

Umri wa jani una maana kubwa kwa sababu ndani ya mmea kuna virutubisho vinavyohama na vingine vinavyolowea. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama. Vikipungua, mmea huvivua kwenye majani ya chini, yaliyokwisha kufanya kazi yao, na kuvipandisha kwa majani yanayochipua. Ni kama mzazi anayejinyima ili mtoto ale. Kwa hiyo njaa ya aina hii huonekana chini, kwa wakubwa. Kalsiamu, chuma na boroni ni wakaazi wa kudumu: vikishajengwa mahali havihami tena, au huhama kwa shida sana. Vikipungua, majani ya chini hubaki na kijani chake kana kwamba hakuna lililotokea, na anayeumia ni mtoto.

Mwalimu akishajua umri, huuliza sura ya manjano yenyewe. Jani kuukuu likififia lote, mishipa na nyama pamoja, hiyo ni sura ya upungufu wa naitrojeni. Likibaki na mishipa ya kijani huku nafasi za katikati zikigeuka njano, anaifikiria magnesiamu. Likiungua kingo kama lililopitiwa na pasi, anaifikiria potasiamu. Mche uliodumaa, wenye kijani kizito kilichofifia na pengine wekundu wa zambarau chini ya majani, humpeleka kwenye fosforasi. Kwa majani machanga, jani lote likipauka pamoja na mishipa yake huenda salfa ndiyo imepungua. Ncha za majani ya ndani zikifa na kujikunja, hiyo ni kalsiamu. Mishipa ikibaki kijani katika jani changa la njano, hicho ni chuma.

Kisha huligeuza jani. Huligeuza hata kama ana hakika, kwa sababu chini ya jani ndiko wanakoishi wale ambao virutubisho havina dawa yao. Utitiri hufyonza na kuacha vidoadoa vya njano vidogo mno, na wakizidi hufuma utando mwembamba kati ya kikonyo na jani. Inzi weupe hutimka kama unga uliopulizwa. Vidukari hujazana kwenye shina changa na kuacha majimaji ya kunata. Jani la namna hii ukilitazama upande wa juu tu utadhani lina njaa, ukamlisha mgonjwa ambaye kumbe ananyonywa.

Jani langu la katikati lilikuwa na rangi ya limau lililoiva, na mishipa yake yote, hata ile myembamba kabisa, ilikuwa ya kijani. Mwalimu alilielekeza juani na kuacha mwanga upite. Lilionekana kama juya lililotandazwa juu ya mchanga: nyuzi zimejichora zote, na katikati ya nyuzi hamna kitu.

"Chuma," nikasema kwa furaha, kwa kuwa nilikwisha kufundishwa. "Basi niongeze chuma."

"Jani limesema limekosa chuma," akanijibu. "Halijasema hakuna chuma."

Sentensi ile nimeibeba muda mrefu. Ndani yake mna historia ndefu ya watu waliotumia maji kuuhoji mmea. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha majaribio yake ya kuotesha nana katika maji ya mvua, maji ya mto Thames, na maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani. Nana yake ilistawi zaidi kadiri maji yalivyobeba udongo zaidi, naye akatambua kwamba maji matupu hayatoshi kuujenga mmea. Katika miaka ya 1840, Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha kwamba majani yaliyopauka hurudi kijani yakipakwa maji yenye chumvi za chuma. Miaka ya 1860, Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop waliotesha mimea katika maji yaliyotiwa chumvi zilizopimwa kwenye mizani, na baada ya hapo ikawezekana kuondoa chumvi moja tu, kuziacha nyingine zote, na kutazama mmea utaumia wapi. Jina la haidroponiki lenyewe lilitangazwa mwaka 1937 na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, na mwaka uliofuata Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa chuo hichohicho walitoa kijitabu cha kanuni za kilimo cha majini ambacho michanganyiko yake ingali inatumika maabara hadi leo.

Kinachonigusa katika habari hii ni uvumilivu wake. Kila sura ya njaa ninayoweza kuitambua leo kwa sekunde chache, yupo mtu aliyeketi wiki nzima akiitazama ikijichora, baada ya kukinyima kiumbe hai kitu kimoja kwa makusudi. Udongo usingewaruhusu, kwa kuwa udongo huficha. Daima una akiba mahali fulani. Maji hayana pa kuficha kitu. Ndiyo maana haidroponiki huadhibu upesi, na ndiyo maana hufundisha upesi vilevile.

MNA

Mwalimu akaja kwenye pipa. Nilidhani atapima maji. Alianza kwa kupima kipimo.

Mita yangu ya pH ilikuwa inasoma 6.0, na mimi nilikuwa nimetulia nayo, maana mimea mingi ya majini hupenda kati ya 5.5 na 6.5. Mwalimu akatoa mfukoni vichupa viwili vya maji ya kusawazishia mita, kimoja kimeandikwa 7.00 na kingine 4.01. Akaisuuza ncha ya mita yangu, akaizamisha kwenye kile cha 7.00, akangoja. Ikatulia kwenye 5.7. Nilikuwa nimeihifadhi kavu kwenye droo, na kioo chembamba cha ncha ile hakitakiwi kukauka. Hutunzwa katika majimaji yake maalumu. Akaisuuza ya kwake, akaihakiki nayo katika vichupa vyote viwili mbele yangu, ndipo akaizamisha pipani. 7.3.

Sasa ile sentensi ya asubuhi ikafunguka. Chuma kilikuwemo. Katika virutubisho vingi vya majini, chuma hufungwa ndani ya molekuli inayokikinga kisigeuke kutu, na ile inayotumika zaidi, EDTA, hushika vizuri mpaka pH ya 6.5 hivi. Ikipanda zaidi ya hapo mshiko hulegea, chuma huungana na vitu vingine na kuwa mashapo ambayo mzizi hauwezi kuyanywa. Saladi zangu zilikuwa zimekaa juu ya chungu kilichojaa, mfuniko umebana. Ningemimina chuma kingine juu yake, nacho kingezama na kuwa mashapo vilevile.

Na pH ilipandaje? Mwalimu aliuliza maji nimeyatoa wapi. Ya bomba yalikuwa yamekatika wiki ile, nikajaza kwa maji ya kisima cha kuchimba. Akapima maji hayo matupu, kabla hayajatiwa chochote: EC 0.8. Kipimo hiki huonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme, na umeme hupita kwenye maji kwa msaada wa chumvi zilizoyeyuka, hivyo namba ikipanda chumvi zimezidi. Visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi zake, na pamoja nazo bikaboneti, ambazo hupambana na asidi na kuivuta pH juu kila unapoishusha. Mimi nilikuwa natazama EC ya pipa, 1.9, nikijisifu kwamba mimea yangu inashiba. Karibu nusu ya namba ile haikuwa chakula. EC huhesabu chumvi zote bila kuziuliza majina.

Hapo nikaelewa kwa nini alianza na chupa. Maji yakizidi chumvi, mzizi hushindwa kuyavuta, kingo za majani huungua, mche hunyong'onyea, na aliyevimbiwa anafanana na mwenye njaa. Atakayemimina kwa huruma ndiye atakayeua. Kosa jingine la chupa huliona wachache: virutubisho huuzwa katika chupa mbili, A na B, kwa sababu kalsiamu iliyokolea ikikutana na salfeti iliyokolea huungana kuwa jasi, ule unga mweupe unaoganda chini. Kila moja lazima iingie kwenye maji mengi peke yake, ikorogwe, ndipo mwenzake afuate. Anayezichanganya kwanza kwenye kikombe kimoja ili amalize haraka hutupa chakula kabla hakijafika mezani.

Kutazama ndani hakuishii kwenye maji. Mwalimu husema mzizi ndio moyo wa habari, na huufikia mwisho kwa kuwa kuugusa ni kuusumbua. Namna anavyoushika niliiona vizuri Februari moja, kwa kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa na saladi zinazonyauka kila adhuhuri huku mabomba yake yamejaa maji. Mwalimu alikinyanyua kikombe kimoja kwa vidole viwili, akakiinua polepole mpaka maji yakachuruzika yote, akakinusa. Harufu ilikuwa ya mtaro. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imeshikana kwa ute. Rangi peke yake haikumtosha, maana mizizi iliyopandwa kwenye unga wa makumbi ya nazi hupata rangi ya chai bila ugonjwa wowote. Aliushika mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akauvuta taratibu. Ganda la nje likatoka lote kama soksi, ukabaki uzi mweupe mwembamba.

Hiyo ni sura ya uozo wa mizizi, na mara nyingi anayeuleta ni Pythium, kiumbe kinachofanana na ukungu na kinachopenda maji. Mwalimu hakuishia kwenye jina. Alitia kipimajoto pipani: nyuzi 31. Maji yenye nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, wakati joto hilohilo linaufanya mzizi uhitaji hewa nyingi zaidi. Mzizi unapokosa pumzi hudhoofika, na adui aliyekuwa akisubiri mlangoni huingia. Mmea ule ulinyauka ndani ya maji kwa sababu mzizi usiopumua haunywi. Miche iliyozidiwa iling'olewa. Mabomba yakasuguliwa na kuoshwa kwa jiki, yakasuuzwa mara kadhaa. Pipa likahamishiwa kivulini na kufunikwa kitambaa cheupe, likatiwa pampu ya hewa yenye jiwe la kutoa mapovu, na mchana wa jua kali chupa ya maji yaliyoganda ikawa inaelea ndani yake.

Ndugu wa kosa hili huwapata wanaotumia ndoo isiyo na pampu, njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Humo maji hupungua kadiri mmea unavyokunywa, na katika nafasi inayoachwa wazi mizizi ya juu huota vinyweleo vya kuvuta hewa. Mwenye ndoo akiona maji yamepungua, huingiwa na wasiwasi na kuijaza mpaka juu. Mizizi ile iliyojifunza kupumua huzama. Kuna siku tendo la upendo ni kuiacha ndoo ilivyo.

KUNGOJA

Kwa saladi zangu, Mwalimu aliagiza mambo machache. Nusu ya pipa imwagwe na mahali pake yaingie maji ya mvua niliyokuwa nimeyakinga. Kisha pH ishushwe kidogo kidogo, kwa siku mbili, mpaka 6.0, kwa asidi ya fosforasi inayopimwa kwa bomba la sindano. Glovu zivaliwe, na ni asidi inayoingia majini, kamwe si maji kwenye asidi. Nilimuuliza kuhusu ndimu, kwa kuwa watu wengi huitumia. Alisema hushusha kweli, lakini vijidudu huila asidi ya ndimu na baada ya muda mfupi pH hurudi ilikokuwa. Chuma alikikataza kabisa. "Tukikiongeza leo na jani likapona, hutajua lililoponya ni lipi. Utakuwa umepata saladi, umepoteza somo."

Akanipa na daftari. Kila asubuhi saa moja niandike pH, EC, joto la maji, kimo cha maji pipani, na jambo moja nililoliona. Niandike kwa penseli, maana wino na maji havipatani. Ndani ya siku chache namba zilianza kuzungumza. EC ikishuka huku maji yakibaki palepale, mimea inakula kuliko inavyokunywa. EC ikipanda huku maji yakishuka, inakunywa kuliko inavyokula, jambo la kawaida siku za joto, na dawa yake ni kuongeza maji matupu. pH ikipanda taratibu siku baada ya siku, pengine mimea inavuta naitrojeni ya naitreti, nayo inapoivuta huyaacha maji yakielekea kwenye alkali. Kumbe ile mita niliyokuwa naitazama mara moja na kuisahau, ukiifuatilia siku hadi siku inakuwa mapigo ya moyo.

Zipo kesi ambazo maswali yote matatu yanaulizwa na jibu halimo pipani. Masika iliyopita saladi za Mwalimu mwenyewe zilianza kufa ncha za majani ya ndani kabisa, yale yaliyojikunja moyoni. Ni sura ya upungufu wa kalsiamu. Maji yalikuwa safi, pH 6.0, kalsiamu tele, mizizi myeupe. Mimi ningepotea hapo. Yeye alirudi mwanzo, akasimama mbali, akauliza tena: kuna nini? Safari hii aliuliza kuhusu hewa. Kalsiamu hupanda na maji, na maji hupanda kwa sababu jani linatoa mvuke. Siku zile hewa ya Dar es Salaam ilikuwa nzito, upepo umekufa, na majani yaliyofungwa moyoni hayakuweza kutoa mvuke, hivyo kalsiamu iliishia kwa majani ya nje. Ni chanzo cha namna hiyohiyo kinacholeta kuoza kitako kwenye nyanya. Hakutia kitu ndani ya maji. Alileta feni ndogo, akaiweka ivume kwa upole juu ya majani, akawa anavuna mapema kabla vichwa havijabana. Majani yaliyochipua baada ya hapo yalitoka mazima.

Nimelifikiria sana tendo lile la kurudi mwanzo. Mtu mwenye ujuzi wa miaka yake angeweza kusema kalsiamu, akamimina kalsiamu, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa jani lilisema hivyo waziwazi. Jina alikuwa nalo. Alirudi kwa sababu mahali pa jina lile palikuwa hapajapatikana. Huo ndio ufundi ninaousifu hapa, nao hauhitaji mabomba wala pipa. Upo kwa daktari anayebonyeza tumbo kabla ya kuandika dawa, na kwa fundi wa injini anayesikiliza kabla ya kufungua boneti.

Katika kungoja kuna kanuni moja aliyonikazia zaidi ya zote: usimtazame aliyeumia, mtazame anayekuja. Jani lililokwisha kuungua halirudishi ukingo wake, na jani lililopauka huenda lisipate kijani chake chote tena. Ukilikodolea macho utadhani dawa imeshindwa, utabadilisha, na utaharibu. Ushahidi wote uko kwenye jani ambalo bado halijafunguka.

Siku ya pili nilikwenda kwenye pipa mara tisa. Siku ya tatu, mara nne. Chupa ilikuwa palepale chini nilipoiweka, nami niliipita. Siku ya nne katikati ya mche wa kwanza palitokea kitu cha ukubwa wa kucha, kimejikunja, na sikuthubutu kukiita rangi yoyote. Siku ya sita nilichuchumaa kabla jua halijapanda. Lilikuwa limefunguka. Niliinua mkono, nikaushusha, nikaenda kuchukua penseli.

Jioni Mwalimu alipita akitokea sokoni. Alisimama mbali kwanza, kama kawaida yake, kikapu kimeegemea goti. Kisha akaomba daftari, akasoma mstari wa siku ile, akanirudishia bila kuongeza neno:

"Siku ya 6. pH 6.0. EC 1.0. Joto 26. Jani la katikati: kijani mpaka ukingoni. Usiguse."